Mshika mbili moja humponyoka. Na ile ya pili je?

Waliozoea kuja hapa kwa ajili ya hifadhidata, seva na programu zinazogoma saa nane za usiku watanisamehe leo. Kuna jambo la nyumbani limenikalia kichwani, na kila nikilitazama naona ni lile lile tunaloshughulikia kazini kila siku, ila limevaa nguo nyingine.

Dada yangu mdogo amemaliza kidato cha nne hapa Rabai na anataka kuwa ofisa wa jeshi. Si askari wa kawaida, ofisa. Anataka Lanet. Masharti ameyasoma hadi ameyakariri: uwe raia wa Kenya, umri miaka 18 hadi 26, wastani wa B katika KCSE, urefu usiopungua mita 1.60, uzito usiopungua kilo 50.00 kwa wanawake na kilo 54.55 kwa wanaume. (Hiyo 54.55 ilinichekesha. Chukua ratili 120 ugawanye kwa 2.2 utaipata, chukua 110 ugawanye kwa 2.2 utapata 50 kamili. Nahisi kuna mtu alikaa na kikokotoo na hakutaka kukadiria!)

B anayo. Urefu anao. Mbio anazo, kutoka nyumbani hadi barabara ya Mazeras na kurudi, na kile kilima chetu, hashikiki. Kilichobaki ni kujaza machaguo ya vyuo vikuu kwenye mtandao wa KUCCPS, lile shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, na hapo ndipo tulipokwama. Hataki kujaza. Anasema kujaza chuo kingine ni kujitabiria mkosi. Nilipomsukuma akanipiga na methali: "Kaka, mshika mbili moja humponyoka."

Nimekaa na methali hiyo kwa siku tatu. Jibu langu ni hili hapa, na naliandika hadharani kwa sababu najua vijana wengine, kuanzia Mazeras hadi Magarini, wako kwenye njia panda hiyo hiyo, na wazazi wao pia.

Milango ya jeshi ni mingapi?

Kwanza tuelewane, maana hapa kwetu watu wengi wanaujua mlango mmoja tu. Unapoona vijana wamejaa uwanjani wamevua mashati, wanakimbia na kupimwa meno, huo ni usajili wa makurutu. Wanaofaulu huenda Eldoret, kwenye chuo cha mafunzo ya makurutu, na huhitaji zaidi ya gredi ya D ya KCSE kwa kazi za kawaida za askari.

Mlango wa pili ni wa makadeti. Hawa ndio wanaotakiwa kuwa na B, na huenda Lanet, Nakuru, kwenye Chuo cha Kijeshi cha Kenya. Siku hizi mafunzo ya huko yako chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, kilichopewa hati yake mwaka 2021.

Mlango wa tatu ndio watu wanausahau: maofisa wataalamu. Hawa ni watu waliokwisha kusoma vyuo vya kiraia, madaktari, wahandisi, mawakili, watu wa kompyuta, wakaingia jeshini na shahada zao mkononi. Kwa wengi wao umri wa mwisho ni miaka 30, si 26. Weka nambari hizo mbili kichwani, tutazirudia.

Sisi si wa kwanza kukutana na hesabu hii. Marekani wana West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu. Zaidi ya watu 10,000 huanza maombi kila mwaka, na wanaoingia ni kama 1,200. Tena kuwa na alama nzuri hakutoshi. Karibu kila mwombaji anahitaji kupendekezwa, na mara nyingi anayependekeza ni mbunge au seneta wa kwao. Kwa hiyo mwombaji mwenye akili huomba pia vyuo vya kawaida, na katika vyuo hivyo huomba ROTC, mpango wa kumfundisha mwanafunzi uofisa huku akisoma shahada yake ya kiraia. Colin Powell hakupita West Point. Alisoma chuo cha jiji la New York, akaingia ROTC, akamaliza mwaka 1958, na mwaka 1989 akawa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yote ya Marekani. Kwake yeye chuo cha kawaida hakikuwa kimbilio la walioshindwa. Ilikuwa njia, basi.

Yangu yalikuwaje

Mimi nilifanya KCSE mwaka 2016. Wanaoukumbuka mwaka ule watatikisa kichwa. Matokeo yalitoka tarehe 29 Desemba, mapema kuliko tulivyozoea, na nchi nzima waliopata A walikuwa 141 tu. Mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,600. Waliopata C+ kwenda juu, yaani waliofikia kiwango cha kuingia chuo kikuu, hawakutimia 89,000. Mimi nilikuwa na B, na mwaka ule B ilikuwa mali.

Na kulikuwa na jingine. Mkuu wa Majeshi ya Kenya wakati huo alikuwa Jenerali Samson Mwathethe, mwana wa Pwani na tena mwanamaji. Kwa kijana wa Rabai jambo hilo lilikuwa kubwa. Sisi hapa shule ni za zamani. Krapf na Rebmann walifungua misheni Rabai mwaka 1846, na kusoma tumesoma. Lakini kuona jina la kwetu kwenye kiti kile ilikuwa kama kuambiwa mlango haujafungwa. Mimi nilitaka Jeshi la Wanamaji. Kila nilipovuka feri ya Likoni nilikuwa naangalia upande wa Mtongwe, na nikifika ng'ambo sijui hata nimesukumwa na nani.

Baba yangu ni mgema. Hakunipinga hata siku moja. Aliniuliza swali moja tu: "Wakisema hapana, Jumatatu utaamkia wapi?" Nikamwambia nitaweka chuo fulani kama akiba. Akasema, "Mwanangu, mimi nina minazi kumi na miwili ninayogema. Ukiniuliza upi ni wa akiba sitakwambia, kwa sababu yote naikwea asubuhi na jioni."

Wasiojua kazi ya ugema niwaeleze. Lile karara la mnazi unalikata kidogo kila siku ili litoe tembo. Ukiliacha, hukauka. Huwezi kuwa na mnazi wa akiba ambao huukwei, ukategemea kwamba siku ile wa kwanza ukigoma, huu wa pili utakupa kibuyu kimejaa. Utapanda ukute karara kavu.

Basi nikaenda saiba ya Mazeras, nikafungua lahajedwali, na nadhani siku hiyo ndiyo niliyoanza kuwa mtu wa kompyuta bila kujijua. Pointi za klasta hupatikana kwa kanuni ambayo haina siri. Unachukua masomo manne yanayohitajika na kozi, kila somo likiwa na pointi 12 kwa A, jumla 48. Unachukua pia masomo yako saba yaliyohesabiwa, jumla 84. Unagawanya ulichopata kwa jumla kwa kila upande, unazidisha majibu mawili, unatafuta kipeo cha pili, halafu unazidisha kwa 48.

Mimi katika masomo manne ya klasta nilikuwa na 38, na katika saba nilikuwa na 63. Kwa hiyo 38 kwa 48 ni 0.792, na 63 kwa 84 ni 0.75. Ukizidisha unapata 0.594, kipeo chake cha pili ni 0.771, mara 48 unapata karibu 37. Nambari hiyo ndiyo niliyokaa nayo. Nikaichukua nikailinganisha na alama za mwisho za mwaka uliotangulia, kozi kwa kozi, chuo kwa chuo, nikapaka rangi zile zinazoniweza. (Kuhusu rangi, subirini kidogo.)

Mwishowe nikajaza hivi: 1a Sayansi ya Kompyuta JKUAT kule Juja, 1b kozi hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, halafu Teknolojia ya Habari Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na mwisho kabisa ualimu wa sayansi, kwa sababu mwalimu mzuri wa hesabu hapa kwetu alikuwa hapatikani na nilijua ningeweza kuifanya kazi hiyo bila kununa. Hakuna chaguo nililoweka kujaza nafasi. Kila moja nilijiuliza: nikiamkia hapa Jumatatu, nitaamka?

Wakati huo huo maombi ya ukadeti yalikuwa yamekwenda. Nikaitwa Nairobi. Mbio nikapita, uzito nikapita, mahojiano ya kwanza nikapita. Halafu daktari akafungua kitabu kidogo chenye duara za vitone vya rangi, akaniuliza naona nambari gani. Nikamwambia sioni nambari yoyote. Akafungua ukurasa mwingine. Na mwingine.

Kipimo kile kilibuniwa na Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, na kikachapishwa mwaka 1917, kwa kazi hiyo hiyo ya kuchuja wanajeshi. Kasoro ya kutotofautisha nyekundu na kijani huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na mtu anaweza kuishi miaka yote bila kujua, maana hakuna anayekuuliza dafu ni la rangi gani, unalinywa tu. Baharini ni hadithi nyingine. Usiku chombo huwasha taa nyekundu kushoto na kijani kulia, na kwa taa hizo ndipo unajua chombo kile kinakuja kwako au kinakwenda zake. Mtu asiyezitofautisha hafai kushika zamu, na ukiniuliza mimi leo, nisingependa kuwa ndani ya chombo hicho. Daktari alifanya kazi yake.

Nilirudi na basi la usiku. Sitawadanganya, kutoka Mtito Andei hadi Mariakani sikusema neno na aliyekaa kando yangu. Lakini Jumatatu ilipofika nilikuwa na pa kuamkia. Mwezi Septemba nilikuwa Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani, naandika programu yangu ya kwanza.

Kijana mwenzetu

Sasa niwape upande wa pili, ambao ndio unaonifanya niandike.

Kuna kijana tuliyecheza naye mpira. Simtaji jina wala kijiji. Alikuwa na gredi ya kutosha kusoma stashahada nzuri popote, lakini alisema yeye ni jeshi au basi. Mwaka wa kwanza alikwenda uwanjani, akarudi. Wa pili akarudi. Wa tatu akarudi. Katikati ya usajili mmoja na mwingine hakufanya kitu, kwa sababu kufanya kitu kingine kungekuwa kukubali kushindwa. Alipofika miaka 24 mtu mmoja akamfuata. Mtu mwenye shati zuri na simu mbili. Akamwambia nafasi ipo, barua ya wito ipo, inatakiwa shilingi laki tatu tu.

Familia ikauza kipande cha shamba chenye minazi. Barua ikaja, na mhuri, na sahihi, na tarehe ya kuripoti. Akasafiri. Langoni wakaiangalia mara moja tu. Barua ilikuwa ya uongo.

Habari hii si ngeni. Karibu kila usajili tunasoma magazetini vijana wamefika Eldoret na barua bandia wakakamatwa, na kila tangazo la KDF linarudia kwamba usajili ni bure na rushwa ni kosa. Kila mtu ameshasikia. Kwa nini basi bado watu wanalipa? Nimeliwaza sana jambo hili. Si ujinga, yule kijana si mjinga. Alikuwa hana mahali pengine pa kwenda. Mtu mwenye mlango mmoja tu, akija mwenye kujifanya ana ufunguo, atalipa chochote. Kama angekuwa mwaka wa pili wa stashahada ya umeme, yule dalali angemwona ni mtu wa kumpotezea muda.

Kwa hiyo chaguo la pili halikulindi tu siku ya matokeo. Linakulinda na wezi pia, na shamba la baba yako linabaki.

Tunavyofanya kazini

Mwezi Januari 2017, wakati mimi nazungukia saiba na matokeo yangu, kampuni ya GitLab ilipata ajali iliyosomwa na watu wa kompyuta dunia nzima. Mhandisi mmoja alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Wakasema hakuna shida, tuna nakala rudufu, tena za namna tano. Walipozikimbilia, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ilivyotakiwa. Waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, na kazi ya saa hizo sita kwenye hifadhidata ikapotea. Waliandika yote hadharani, na kwa hilo nawaheshimu.

Nakala zile zilikuwepo kwenye orodha. Hakuna aliyekuwa amezijaribu. Kwa lugha ya baba, minazi ilikuwepo, hakuna aliyeikwea.

Basi hizi ndizo kanuni nilizompa dada yangu:

1. Akiba isishindwe kwa sababu ile ile. Kazini hatuweki nakala kwenye diski ile ile yenye data, maana diski ikifa vyote vimekufa. Kijana akiniambia, "Nikikosa kadeti nitaomba urubani, nikikosa urubani nitaomba kuwa nahodha wa meli," namwambia macho yako ni yale yale matatu kwa matatu. Kitone kimoja kingeniangusha kote. Weka angalau chaguo moja ambalo halitakuuliza urefu, macho wala goti.

2. Jua hapana yako ni ya aina gani. Programu ikiomba kitu kwenye seva ikakataliwa, tunauliza: kosa hili ni la kupita au la kudumu? Seva ikiwa imezidiwa, jaribu tena. Ukurasa ukiwa haupo, kujaribu mara elfu ni kujichosha. Jeshini pia hivyo. Kukosa kwa sababu siku ile walioitwa walikuwa wengi ni kosa la kupita; rudi mwaka ujao. Kukosa kwa sababu ya macho ni kosa la kudumu. Na hata lile la kupita lina hesabu yake. Tuseme kwa mfano tu kila mara una nafasi moja kati ya kumi. Ukijaribu mara tatu, uwezekano wa kupita angalau mara moja ni kama 27 kwa mia. Bado 73 ni za kurudi nyumbani. Jaribu, lakini jaribu ukiwa na kitu unachofanya.

3. Ijaribu kabla hujaihitaji. Usiandike jina la chuo ulilolisikia redioni. Nenda ukakione kama unaweza. Kutoka Rabai hadi Kilifi ni safari ya kupitia Kaloleni na Mavueni, unaenda na kurudi siku moja. Ongea na mwanafunzi wa kozi hiyo. Uliza chumba ni bei gani. Na ada, hasa ada. Lanet hulipi, ila chuo kikuu unalipa. Wakati wangu mwanafunzi aliyepangwa na serikali alilipa ada ya masomo ya takriban shilingi 16,000 kwa mwaka, na mkopo wa HELB ukasaidia. Tangu mwaka 2023 kuna mfumo mwingine: kozi zina gharama tofauti, na unachosaidiwa kinategemea hali ya familia inavyopimwa. Kozi mbili zenye jina linalofanana zinaweza kuwa na ada zisizofanana kabisa. Kaa na mzazi mpige hesabu sasa, si Septemba.

4. Kalenda mbili hazisubiriani. KUCCPS hufungua na kufunga dirisha lake bila kuuliza jeshi limefika wapi. Ukisubiri jibu la moja ili ujaze nyingine, utakosa zote. Jaza. Ukiitwa Lanet ukiwa umeshaanza chuo, utaamua wakati huo, na vyuo huwa na utaratibu wa kuomba rasmi kuahirisha masomo. Hilo ni tatizo zuri, omba Mungu akupe tatizo hilo.

5. Chagua njia inayoweza kurudi. Hapa ndipo zile nambari mbili, 26 na 30, zinapokuja. Mlango wa kadeti wa kawaida unafungwa ukiwa na miaka 26. Mlango wa wataalamu uko wazi hadi 30 kwa wengi. Msichana aliyemaliza kidato cha nne na miaka 18, akasoma shahada ya miaka minne, anamaliza na 22 au 23. Ana miaka saba ya kugonga mlango ule, tena safari hii ana ujuzi ambao jeshi linauhitaji. Na akiamua kutougonga, ana kazi.

Kuhusu ile methali

Nikamrudishia dada yangu methali yake. Nikamwambia, kweli, mshika mbili moja humponyoka. Sibishi na wazee. Lakini isikilize vizuri. Methali haisemi zote mbili humponyoka. Inasema moja. Mwenye kushika moja, hiyo moja ikimponyoka amebaki na nini?

Nikamwongezea na hii ya kwetu Pwani: usiache mbachao kwa msala upitao. Msala ni mzuri, hakuna anayebisha, na sali juu yake ukiupata. Ila mbachao usiutupe jaani kabla.

Alinyamaza. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na wewe kaka, ulipokuwa Kilifi, ulikuwa unaona ni chaguo la pili?"

Nilimwambia ukweli. Muhula wa kwanza, ndiyo. Nilikuwa nikiona gari la jeshi barabarani nageuza uso. Halafu siku moja ya muhula wa pili programu niliyoiandika usiku kucha ikafanya kazi, nikapiga kelele chumbani hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo sikumbuki tena kuhesabu ni la ngapi. Leo nalipwa kwa kazi hiyo, na ofisini mimi ndiye ninayekataa skrini inayomwambia mtumiaji "bonyeza kitufe cha kijani" bila maandishi. Kuna watu wasiokiona kijani, nawaambia, na mmoja wao amekaa hapa.

Siku ya pili yake akaja na orodha. Uuguzi, katika vyuo viwili vya hapa Pwani, halafu afya ya jamii, halafu ualimu wa biolojia. Nikamuuliza mbona uuguzi. Akasema jeshi nalo lina hospitali yake, na wasipomtaka, Kilifi nzima ina wagonjwa. Amepiga simu kwa msichana aliyemtangulia shuleni anayesomea kozi hiyo, ameuliza ada, ameuliza chumba. Maombi ya Lanet pia yatakwenda, na mbio za alfajiri hajaacha. Ana picha ya Meja Jenerali Fatuma Ahmed kwenye simu, mwanamke wa kwanza kufika cheo hicho Kenya, mwaka 2018, na sina nia ya kumwambia aifute. Atakavyojibiwa sijui, na yeye hajui. Ila Jumatatu yake ipo.

Wazazi mnaosoma hapa, nina ombi moja. Mtoto akikwambia anataka jeshi, usimvunje moyo, na usimwambie "weka chochote hapo chini, bora jina liende." Hicho "chochote" ndicho kinachoweza kuwa maisha yake miaka arobaini. Kaa naye, mfungue lahajedwali au daftari, muulizane kwa kila mstari kama ataamka asubuhi kwa ajili yake. Ni kazi ya jioni mbili. Na akija mtu mwenye shati zuri na simu mbili, mwonyesheni njia ya kutokea.

Haya, nimesema mengi kuliko nilivyopanga. Ile habari ya kurejesha hifadhidata niliyowaahidi mwezi uliopita bado ipo, nitaimalizia panapo majaliwa. Kwa sasa, kabla hujalala, nenda ukaijaribu nakala rudufu yako. Usiangalie kama ipo tu. Ijaribu.

Wasalaam kutoka Rabai.